Urais nao uende mahakamani

Bunge Maalum la Katiba lilipokaa hapa Dodoma mwaka 2014, wajumbe walinunua zabibu zangu pale Majengo hadi tenga likabaki tupu. Katiba mpya ndiyo sijaiona.

Kinachoniudhi zaidi ni ibara ya 41(7) ya Katiba tuliyonayo: Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuuchunguza ushindi wake. Mbunge anapingwa mahakamani, rais hapana! Wakenya walipinga, na mwaka 2017 Mahakama yao ya Juu ikafuta matokeo, kura zikarudiwa. Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha kwetu, ilishasema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka haki.

Halafu lirudishwe sharti la mshindi wa urais kuvuka nusu ya kura, lililoondolewa mwaka 2000. Duru ya pili ni gharama, najua. Tulipe.