Kidole chako ni salama. Namba yako ya siri je?

Mimi ni fundi simu, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: "Fundi, hii ya kufungua kwa kidole ni salama kweli?" Anayeuliza huwa amesikia kwamba wezi wanaweza kunakili alama za vidole kutoka kwenye glasi, au ametumiwa video ya mtu anayefungua simu kwa kidole cha bandia. Jibu langu huwa fupi: ni salama, itumie. Kisha nami namuuliza, namba yako ya siri ya kufungulia simu ikoje? Simwambii anitajie. Nataka ajiulize mwenyewe. Wengi hutabasamu na kuangalia pembeni, maana namba ni 1234, au mwaka wa kuzaliwa, au ile ambayo nyumba nzima inaijua.

Nitaeleza kwa nini naanzia huko, lakini kwanza kidole chenyewe.

Sensa, yaani kile kifaa kinachosoma kidole, iliyo kwenye kitufe cha pembeni au mgongoni mwa simu haipigi picha. Chini ya kifuniko chake kuna vijisahani vidogo sana vinavyopima chaji ya umeme. Pale tuta la ngozi linapogusa, kipimo kinakuwa tofauti na pale penye bonde, ambapo kuna hewa tu. Ndiyo maana kidole kilicholowa kinakataliwa: maji yamejaza mabonde, na sensa haioni tena tofauti. Zile zilizofichwa chini ya kioo ni za aina mbili. Moja humulika kidole kwa mwanga wa skrini na kukipiga picha kwa chini. Nyingine hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio na kusoma yanavyorudi. Hii ya mawimbi ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu inapima kina cha matuta na si sura yake tu.

Kinachohifadhiwa baada ya hapo si picha ya kidole chako. Ni hesabu iliyotolewa kwenye umbo la alama, ikafungiwa sehemu ya chipu ambayo programu za kawaida haziifikii. Wapo wateja wanaoogopa kuniachia simu wakidhani nitabaki na alama zao. Sina njia ya kuzitoa. Tena kwenye iPhone zenye kitufe cha chini, kuanzia 5s ya mwaka 2013, kitufe kimeoanishwa na bodi ya simu ile ile. Nikikitoa nikapachika kingine, hata kiwe halisi kutoka simu nyingine, kidole hakisomi. Mteja akiona hivyo hukasirika, anadhani nimembadilishia kifaa. Namwelewa, lakini naitetea hali hiyo kwa moyo wote. Bila kuoanishwa, mtu mwenye bisibisi angeweza kuweka sensa iliyochezewa na kuilisha simu alama za uongo.

Na jambo hilo si la kufikirika. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya teknolojia ya Tencent na Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walionyesha shambulio waliloliita BrutePrint. Walifungua mfuniko wa nyuma, wakaunganisha kifaa cha takriban dola 15 kati ya sensa na bodi, kisha wakaishindilia simu alama moja baada ya nyingine kutoka kwenye hifadhi ya alama za watu, huku wakiizuia isihesabu makosa. Simu za Android walizojaribu zilikubali majaribio yasiyo na kikomo. iPhone zilihimili, kwa sababu mawasiliano kati ya sensa na chipu yamesimbwa, yaani yamegeuzwa msimbo usiosomeka na mtu wa kati. Kitu kilichonigusa mimi kwenye utafiti ule ni muda. Kidole kimoja kikiwa kimesajiliwa, kazi ilichukua kati ya saa 2.9 na saa 13.9. Vikisajiliwa vingi, muda ulishuka hadi kati ya dakika 40 hivi na chini ya saa tatu.

Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Kila kidole unachoongeza ni nafasi nyingine ya mtu kubahatisha. Apple wenyewe wanasema uwezekano wa kidole cha mtu baki kukubaliwa ni chini ya 1 kwa 50,000 ukisajili kidole kimoja, na unaweza kufika 1 kwa 10,000 ukisajili vitano. Hiyo 1 kwa 10,000 ni sawasawa na kubahatisha mara moja namba ya siri ya tarakimu nne. Sasa mtu anasajili vidole vyake vinne, anaongeza cha mwenzake, halafu anasema anatumia kidole kwa sababu ni salama kuliko namba. Vidole viwili vinatosha, kimoja cha kila mkono.

Kuhusu vidole vya bandia, sipendi kudanganya watu: vinafanya kazi. Siku chache baada ya iPhone 5s kuingia sokoni, mdukuzi wa Ujerumani anayejulikana kama Starbug, wa kundi la wadukuzi la Chaos Computer Club, aliipita kwa alama iliyoachwa kwenye glasi. Aliipiga picha kwa ubora wa juu, akaisafisha kwenye kompyuta, akaichapa, kisha akatengeneza ngozi nyembamba ya kuvaa kidoleni. Mwaka 2020 watafiti wa Cisco Talos, kitengo cha usalama cha kampuni ya Cisco, walitumia printa ya 3D kutengeneza kalibu za vidole na kufanikiwa kwa wastani wa asilimia 80 hivi kwenye vifaa walivyojaribu. Lakini wao wenyewe walisema kazi ilikuwa ngumu na ya kuchosha. Inahitaji alama safi, vifaa, muda, na simu yenyewe mkononi. Kama wewe ni mwandishi wa habari anayewindwa, au unabeba siri za watu wakubwa, hesabu yako ni nyingine na usitegemee kidole. Mwizi aliyekupora simu barabarani hatatengeneza kalibu. Ataizima upesi, kisha atafute pa kuiuza ikiwa vipande.

Onyo moja la ufundi hapa, maana watu hulipuuza: protekta. Mwaka 2019 iligundulika kwamba Samsung Galaxy S10 ikivalishwa kava fulani za silikoni zinazofunika kioo ilifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, kwa kuwa sensa ilikuwa inasoma michoro ya kava badala ya ngozi. Samsung walitoa marekebisho ya programu mwezi huo huo. Hadi leo nikibandika protekta juu ya sensa ya chini ya kioo, namwambia mteja afute vidole vyote alivyosajili, avisajili upya, kisha tumpe mtu mwingine ajaribu hapo hapo mezani.

Hatari ninayoiona mimi iko karibu zaidi na mwenye simu. Sensa haikuulizi kama uko macho. Desemba 2016, Marekani, mtoto wa miaka sita alichukua kidole gumba cha mama yake aliyelala, akafungua simu na kujinunulia midoli mtandaoni. Novemba 2017 ndege ya Qatar Airways iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Bali ililazimika kutua Chennai, India, baada ya abiria kufungua simu ya mumewe kwa kidole chake akiwa usingizini, akakuta mambo, na fujo ikazuka angani. Kwa kufungua kwa uso, angalau iPhone huhitaji macho yawe wazi na yanaitazama. Kidole hakina kinga hiyo.

Turudi kwenye namba ya siri. Zima simu uiwashe: itakataa kidole na kudai namba. Kosea mara tano, itadai namba. iPhone isipofunguliwa kwa saa 48, itadai namba. Si usumbufu wa bure. Data zako zimefungwa kwa ufunguo unaotokana na namba hiyo, na simu ikitoka kuzimwa, kidole hakina uwezo wa kuufikia. Na aliye na namba anaweza kuingia kwenye mipangilio akasajili kidole chake, na kuanzia siku hiyo anaingia kama wewe. Kwa hiyo kidole kizuri juu ya namba 1234 ni mlango wa chuma kwenye ukuta wa makuti.

Weka tarakimu sita au zaidi, zisizo tarehe. Sita zinatoa michanganyiko 1,000,000 badala ya 10,000. Kwa kuwa kidole ndicho kitakachofanya kazi mchana kutwa, namba ndefu haitakuchosha. Utaiandika kwa nadra. Hii ndiyo faida kubwa ya sensa ambayo watu hawaisemi: inakuruhusu kuwa na namba ngumu. Na ukijikuta mahali unapoogopa kulazimishwa kuweka kidole, kwenye iPhone za karibuni bana kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti mpaka skrini ya kuzima itokee. Kidole na uso vyote vinakataliwa hapo hapo hadi uandike namba. Kwenye Android nyingi kuna chaguo la kufunga kabisa (Lockdown) kwenye menyu ya kitufe cha kuwashia.

Wenye mikono ya kazi, waashi na wafuaji, na wazee ambao matuta ya ngozi yamelika, wasipoteze muda kusajili kila kidole mpaka kimoja kikubali. Namba ndefu inawatosha.

Wengine, fungueni mipangilio leo muangalie orodha ya vidole vilivyosajiliwa. Kwenye iPhone zenye kitufe cha chini, ukiwa kwenye orodha hiyo gusa sensa, na jina la kidole husika litang'aa. Gusa vyako vyote kimoja kimoja. Jina ambalo halikung'aa lifute, kisha badilisha namba ya siri kabla hujaulizana na mtu.