Wapelekeni watoto hadi nyuma ya kiwanda

Mwambie mtoto wa darasa la tano kwamba chupa ya plastiki ikitupwa kwenye pipa lake hugeuka kuwa kitu kingine. Ataitikia "ndiyo, mwalimu," ataandika daftarini, na kwenye mtihani atapata alama yake. Kengele ya mapumziko ikilia, chupa inabaki pale pale chini ya dirisha. Simlaumu. Amepewa sentensi ya kukariri, hajapewa kitu cha kushika.

Mimi nafundisha sayansi, na somo la plastiki nalifundisha kwa miguu. Kila mwaka tunakwenda mahali plastiki inapokusanywa na kuchambuliwa, na tukipata kibali, tunafika hadi inaposagwa na kuyeyushwa. Katika ziara hizi zote nimeshikilia jambo moja: watoto wasirudi shuleni kabla hawajaliona rundo la vilivyokataliwa. Kila kiwanda kinalo. Liko nyuma, mbali na ofisi, na kwa kawaida halimo kwenye ratiba ya wageni. Mimi naliomba liwemo.

Lakini safari inaanzia darasani, siku kadhaa kabla ya basi, kwa ndoo ya maji, mkasi na chupa moja ya maji ya kunywa pamoja na kifuniko chake. Nakata kipande cha chupa, nakata na kipande cha kifuniko, na kabla ya kuvitia majini kila mtoto anaandika anachotarajia. Wengi wanaandika kwamba vyote vitaelea, maana chupa zikielea wameziona mara nyingi. Kifuniko kinaelea kweli. Kipande cha chupa kinashuka moja kwa moja hadi chini ya ndoo. Darasa linalipuka. Wapo wanaotaka nirudie, wapo wanaodai nimebadilisha kipande, na hatimaye anatokea mmoja anayesema kwa sauti ya chini kwamba chupa walizokuwa wakiziona zilibebwa na hewa iliyomo ndani.

Hapo ndipo namba zinapoingia, zikiwa na mahali pa kukaa. Chupa hiyo ni plastiki namba 1, kwa zile namba zinazoandikwa chini ya vyombo kutaja aina ya plastiki. Aina hiyo inaitwa PET, na sentimita moja ya ujazo ya PET ina uzito wa gramu 1.38 hivi. Maji ni gramu 1. Kifuniko huwa namba 2 au namba 5, zote nyepesi kuliko maji. Kisha natia majini kijiko kigumu cha namba 6, ambayo ni polistirini, nacho kinazama. Naongeza chumvi na kukoroga, naongeza tena, mpaka kijiko kinaanza kunyanyuka kutoka chini, taratibu, huku vichwa vyote vimeinamia ndoo. Aliyekiona kijiko kile kikipanda haniulizi tena densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, ni nini. (Mwalimu utakayejaribu, sukuma kila kipande chini kwa kidole kwanza. Viputo vya hewa vikikishikilia, kitaelea hata kama ni PET, na jaribio zima litakudanganya.)

Jambo jingine tunalomaliza darasani ni ile pembetatu ya mishale. Watoto, na wazazi wao pia, wakiiona chini ya chombo wanaamini chombo hicho kitarejelezwa. Mishale ile mitatu ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, kwa ajili ya shindano la kampuni ya karatasi na maboksi. Namba 1 hadi 7 zilikuja mwaka 1988, nazo zinataja aina ya plastiki tu. Haziahidi kwamba yupo mtu wa kuichukua. Mkanganyiko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2013 kiwango kinachosimamia alama hiyo kilibadilishwa, mishale ikaondolewa na kuwekwa pembetatu ya kawaida. Vyombo vingi bado vina mishale. Nawapa watoto kazi ya nyumbani ya kugeuza kila chombo cha plastiki watakachokikuta jikoni na bafuni na kuandika namba yake, na siku ya pili tunazichora ubaoni. Namba 7 huwa inawasumbua sana kwa sababu ni ya mchanganyiko: kila kisichoingia kwenye sita za mwanzo kimo humo.

Tukifika kwenye eneo la kuchambulia, naomba watoto wapewe meza yao, glavu za saizi yao, na robota dogo lililokwisha kaguliwa, lisilo na vioo wala sindano. Kutazama tu hakunitoshi. Nataka wachambue. Dakika za mwanzo wanafanya kwa macho: za bluu huku, nyeupe kule. Mama mmoja anayefanya kazi hiyo kwa miaka mingi aliwasimamisha akawaambia wafumbe macho na wakunje. Namba 1 ikikunjwa inalia kwa ukali, kama majani makavu. Namba 2, ya vyombo vizito vya sabuni, inatoa mlio wa chini na kukunjika kwa ulaini. Akawaonyesha na chupa ya PVC, namba 3: aliikunja, na kwenye mkunjo ukabaki mstari mweupe. "Hii ikinipita mimi, wenzangu kule mbele wataumia," alisema. Watoto wakawa wanamwita fundi, na mimi niliona jina hilo linamfaa. Kila nikienda na darasa jipya namtafuta yeye kwanza. Anachokijua kwa vidole vyake hakimo kwenye kitabu chetu cha kiada, na nataka watoto wajue kwamba urejelezaji unaanza kwa watu wa namna yake, waliosimama kutwa nzima mbele ya mkanda unaopitisha taka.

Kwa nini wenzake waumie? Hilo tunalijibu kwenye mashine. PET huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi za Selsiasi. PVC haifiki huko ikiwa salama. Inaanza kuungua mapema na kutoa gesi ya asidi inayokula vyuma vya mashine, na inaacha madoa ya kahawia na meusi kwenye plastiki yote iliyo karibu. Chupa chache zilizopenya zinatosha kuharibu mzigo mkubwa. Mtoto aliyekuwa akiona uchambuzi ni kazi ya kuchosha anaelewa hapo hapo kwa nini fundi alikuwa mkali.

Mashine nyingine nazipita haraka, kwa sababu kelele ni nyingi na watoto wanachoka. Marobota yanafunguliwa, chupa zinasagwa kuwa vipande vidogo, vinaoshwa kwa maji ya moto yenye dawa ya kuondoa gundi ya lebo. Ila kwenye tangi la maji tunasimama muda mrefu, na sisemi neno. Wanalitambua wenyewe. Vipande vya vifuniko vinaelea juu na kuenguliwa, vya chupa viko chini, na anayepiga kelele "Ndoo yetu hiyo!" huwa amenifanyia kazi yangu yote. Baadaye vipande vinakaushwa sana kabla ya kuyeyushwa, kwani unyevu ukibaki, joto na maji kwa pamoja hukata minyororo ya PET, yaani molekuli ndefu zinazoijenga, na plastiki inapoteza nguvu. Hili la minyororo tumelicheza uwanjani kabla: watoto wanashikana mikono kwenye mstari mrefu, ninapita nikiwaachanisha hapa na pale, kisha tunaona ilivyo rahisi kuwatawanya. Ndivyo inavyokuwa kwa plastiki nyingi kila inaporudi motoni. Ni sababu mojawapo ya chupa nyingi kutorudi kuwa chupa: zinakuwa nyuzi za nguo, mazulia au kamba.

Kisha nyuma.

Rundo la vilivyokataliwa huwa kubwa kuliko walivyotarajia. Kuna pakiti zinazong'aa za vitafunwa, ambazo ni plastiki na alumini zilizobanwa pamoja kwa tabaka nyembamba sana, na hakuna ndoo ya maji itakayozitenganisha. Kuna mifuko laini iliyojizungusha kwenye mashine mpaka ikabidi zizimwe. Kuna chupa zilizojaa mafuta yaliyoganda. Kuna vyombo vyeusi, na hivi vinawaumiza watoto zaidi kwa sababu vingine ni namba 5 safi kabisa. Viwanda vinavyotumia mashine za kuchambua kwa mwanga vinavipoteza kwa sababu ya masizi yanayotumiwa kutia weusi: yananyonya ule mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na mashine haioni kitu. Chombo kizima kinatupwa kwa sababu ya rangi yake. Msichana mmoja aliuliza nani aliyechagua rangi hiyo, na mwenyeji wetu hakuwa na jibu la haraka. Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kulisikia kwenye ziara, maana linamtoa mtoto kwenye pipa la shule na kumpeleka kwa anayebuni chombo.

Zipo sehemu ambazo hazikutaka tuende nyuma. Kiwanda kimoja kilituonyesha punje mpya za plastiki zinazometa, kikatupa kofia na kutuaga. Watoto walifurahi, lakini darasani siku iliyofuata waliniambia kwamba plastiki yote inarejelezwa, na nilihitaji vipindi kadhaa kuwarudisha kwenye ukweli. Sirudi pale mpaka waniruhusu.

Ukweli wenyewe naufundisha kwa vifuniko 100 sakafuni. Utafiti wa Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law, uliotoka mwaka 2017, ulikadiria kwamba hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imezalisha taka za plastiki tani bilioni 6.3 hivi. Takriban asilimia 9 ilirejelezwa, 12 ikachomwa, na 79 ikaishia madampo au kutapakaa. Mtoto mmoja anatenga vifuniko 9, mwingine 12, na waliobaki wanatazama vile 79 vilivyosalia. Wapo wenzangu wanaoniambia nawakatisha watoto tamaa. Sivyo ninavyoona. Watoto waliogusa rundo lile ndio wanaosuuza chupa kabla ya kuitupa, ndio wanaouliza kama kifaa fulani kinahitajiwa kabisa, na ndio wanaokuja na chupa zao za kudumu bila kuambiwa. Anayedhani kila kitu kinarudi hana sababu ya kupunguza chochote.

Wazazi nao huuliza kwa nini nawapeleka watoto kwenye taka. Nawaalika. Mzazi aliyesimama mezani na mwanawe akichambua hahitaji maelezo yangu. Kuhusu usalama sina mzaha: viatu vilivyofunika vidole, glavu, nywele zimefungwa, hakuna anayekaribia mashine ya kusaga, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya mtu yeyote kufungua chakula.

Na kama hakuna kiwanda karibu nanyi, msighairi. Nendeni kwa mnunuzi wa plastiki mwenye mizani. Pale watoto wanajifunza jambo ambalo hata kiwandani halionekani vizuri. Povu gumu jeupe la kufungashia vitu ni polistirini iliyojazwa hewa. Mwanangu mmoja wa darasani alimwuliza mnunuzi kwa nini analikataa povu hilo, na yule bwana akamjazia gunia zima akaliweka kwenye mizani. Mshale haukusogea sana. Akaweka gunia la namba 1 zilizobanwa, ukaruka. "Lori langu litajaa hewa, mjukuu wangu, na mafuta ya gari nitalipa yale yale," akamwambia. Ombeni kwenda asubuhi kabla wauzaji hawajapanga foleni, msiwazuie kufanya kazi yao, na mtoto mmoja apewe daftari la kuandika kila uzito unaosomwa. Takwimu hizo zitawatosha kwa hesabu za mwezi mzima.