Ukoka, chumvi na masika: kumbukumbu ya bustani yangu Kibada

Februari, wiki ya kwanza

Majani ya uwanja wangu, ukoka, yamekufa tena. Hayajafa yote, lakini kile kipande cha mbele, kati ya geti na baraza, kinachopigwa na jua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, kimebaki mchanga na vishungi vya rangi ya kahawia. Tangu Desemba nimemwagilia kila jioni, mpira mkononi, dakika 15 bila kukosa, na kadiri ninavyomwagilia ndivyo yanavyozidi kunyauka. Leo nimeuweka mpira chini na kuanza kuandika, ili mwakani nisirudie kosa lile lile bila kujua nilipokosea.

Kwanza eneo lenyewe. Tuko Kibada, Kigamboni, Dar es Salaam. Kipande cha jua ni mita 8 kwa 6. Nyuma kuna mwembe mkubwa tulioukuta hapa, na chini yake ni vumbi tupu. Ubavuni nina matuta mawili ya mboga. Maji ni ya kisima, na kisima chetu kina chumvi: ukichemshia chai unaisikia ulimini.

Nimepiga magoti na kuyaangalia majani kwa karibu. Ncha zimeungua kana kwamba mtu amezipitishia kiberiti, ila shina la chini bado lina ukijani. Juu ya mchanga kuna utandu mweupe, mwembamba, unaovunjika ukiugusa. Nikauweka ulimini: chumvi. Kisha nikachimba kwa kidole mahali nilipomwagilia jana jioni. Unyevu umeishia sentimita 3 hivi. Chini ya hapo ni mchanga mkavu unaomwagika kama sukari.

Kumbe ndiyo habari yenyewe. Maji yangu yanalowesha juu tu. Jua linayanyonya, chumvi inabaki. Kesho naongeza tena kidogo, na chumvi inaongezeka tena, pale pale mizizi ilipo.

Februari, wiki ya tatu

Nimefanya kipimo cha chupa. Chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache itulie. Mchanga huzama kwanza, ndani ya dakika chache. Mfinyanzi ndio wa mwisho, huchukua siku nzima au zaidi. Chupa yangu ilitulia kabla sijamaliza kunawa mikono, na asubuhi yake juu ya mchanga kulikuwa na utando wa udongo laini usiozidi unene wa kucha. Maana yake ni kwamba udongo huu haushiki maji wala mbolea. Jirani mwenye kiwanja bondeni, chenye udongo mzito, atakuwa na shida nyingine kabisa, na ushauri wangu wa kumwagilia usimfae.

Nikapiga na hesabu ya maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Eneo langu ni mita za mraba 48. Mpira wangu unajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 2, kwa hiyo dakika 15 ni lita 150, yaani milimita 3 tu na ushee. Kwa wiki ni lita 1,050. Si maji machache hayo! Kosa ni kuyagawa vipande saba. Lita zile zile zikimwagwa kwa mikupuo miwili zinashuka zaidi ya sentimita 10, mizizi inazifuata chini, na chumvi inasukumwa nayo.

Nimebadilisha ratiba: Jumatano na Jumapili, alfajiri, na siondoki mpaka kidole kikute unyevu chini. Siondoi lawama kwa maji ya kisima, chumvi yake ipo pale pale. Ila nataka kilichobaki hai kifike masika.

Machi

Maembe yameisha, basi nimempa fundi kazi ya kupogoa mwembe. Tumeondoa matawi ya chini tu, mwanga uingie ubavuni. Kupogoa mapema zaidi ningepoteza matunda, na kuchelewa hadi karibu na Juni, mti ukijiandaa kutoa maua, ningepoteza ya mwaka ujao.

Samadi imefika, kirikuu moja, ya ng'ombe. Safari hii nimeingiza mkono hadi kiwiko kwenye lundo kabla ya kulipa. Ikiwa na joto ndani, bado inaoza. Mwaka jana niliuziwa samadi mbichi ya kuku nikaambiwa imekaa miezi sita, nikaitandaza vile vile, na ndani ya wiki miche yangu ya nyanya chungu ikaungua majani. Ilibidi ning'oe yote. Hii ya sasa ni baridi, nyeusi, inanukia udongo. Nimeitandaza unene wa sentimita 2 na kuichanganya kwa jembe.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikatoka na kiroba changu cha ukoka. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa anafagia uwanja wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umebeba mzigo asubuhi asubuhi?"

"Napanda majani, bibi. Mvua imeshafika."

Akatikisa kichwa. "Hiyo imekuja kufagia vumbi. Iache ikuoshee ardhi kwanza. Subiri kumbikumbi. Wakitoka, panda."

Nilimsikiliza, na nashukuru. Kumbikumbi hawatoki ardhi ikiwa imelowa juu juu. Wanatoka maji yakishashuka. Zikapita siku 9 na mvua mbili nzuri, jioni taa ya baraza ikajaa mabawa. Nilichimba kwa kidole, kisha kwa kijiti: unyevu mpaka chini kabisa. Ule utandu mweupe haupo. Nikaonja mchanga tena, haukuwa na ladha.

Sasa upandaji, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami niliharibu mwaka jana. Kipande cha ukoka cha urefu wa kiganja kina vipingili. Mizizi inatoka kwenye kipingili. Kwa hiyo angalau vipingili viwili viingie chini, na majani machache yabaki nje yakiona jua. Ukifukia vyote vinaoza, ukilaza juu ya ardhi vinakauka. Nimechora mifereji myembamba kwa ncha ya jembe, umbali wa sentimita 20 kati ya mfereji na mfereji, nikalaza vipande, nikafukia nusu, kisha nikapita nikikanyaga kila mstari. Kukanyaga ni lazima kwenye mchanga, bila hivyo mizizi inaning'inia kwenye hewa. Kazi imechukua muda wa saa nne, mgongo umelia, lakini mistari imenyooka.

Aprili

Aprili ndiyo kilele cha mvua Dar, na mwaka huu imeonyesha. Usiku mmoja maji ya paa yalimwagika kona ya baraza na kubeba mistari mitatu mizima mpaka getini. Nilikuta vipande vya ukoka vimelundikana kwenye wavu wa geti kama takataka. Nimevirudisha vilivyokuwa na mizizi, na pale maji yanapoangukia nimepanga viroba vinne vya mchanga, mkondo ugeuke kuelekea mwembe. Mfereji wa paa ningeuweka kabla ya kupanda, isingetokea.

Mbolea ya dukani sijaigusa mwezi huu. Kwenye mchanga, mvua kama hizi zinaishusha urea yote kabla mizizi haijaionja.

Ndago zimeingia. Nadhani zilikuja na samadi. Mtu asiyezijua atasema ni nyasi, lakini chukua shina ulizungushe katikati ya vidole viwili: nyasi huviringika, ndago ina kona tatu unazozisikia. Kuing'oa kwa mkono ni kuipa nguvu. Inakatika shingoni, na kiazi chake kinabaki chini na kuchipua upya. Nimetumia kisu cha zamani cha jikoni. Unakichomeka kando ya shina, unainua udongo wote, kisha unafuata ule uzi mweusi mwembamba kutoka kiazi kimoja hadi kingine. Moja niliyoifuata ilikuwa na viazi 5, cha mwisho kikiwa karibu sentimita 25 chini. Udongo ukiwa umelowa uzi unatoka mzima, ukiwa mkavu unakatika, kwa hiyo kazi hii ni ya masika. Viazi sitii kwenye lundo la mboji hata kimoja. Naviweka kwenye bati juani vikauke kabisa.

Na kuna jambo lisilo la majani ila ni la bustani. Visahani vya chini ya vyungu vyangu vilikuwa vimejaa maji, na kwenye kimoja niliona viluwiluwi vya mbu vikicheza. Dar imeshapata milipuko ya homa ya dengue, 2014 na 2019, na mbu wake ndiye huyu anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyotuama majumbani. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja na ushee tu. Kila Jumamosi sasa navimwaga vyote na kusugua kingo, kwa sababu mayai yanashika ukutani mwa chombo. Pia ndoo, matairi, vifuu vya nazi. Mwenye bustani nzuri na visahani vilivyojaa anawaumiza watoto wa mtaa mzima.

Mwisho wa Mei

Mistari imekutana! Ukikaa barazani huoni tena mchanga ila kwenye ile kona. Mvua zimelegea, nimeweka urea: gramu 10 kwa mita ya mraba, jumla karibu nusu kilo. Nilisubiri mchana umande ukauke, nikatawanya, nikamwagilia papo hapo. Chembe ya urea ikilala kwenye jani lenye unyevu inaliunguza, na alama yake huonekana kesho yake.

Juni hadi Agosti

Kipupwe. Usiku una ubaridi, kusi inavuma, ukoka unakua polepole. Huu ni wakati wa mboga kuliko majani. Mchicha niliotawanya Juni (mbegu nilizichanganya na mchanga mkavu, zisidondoke zote mahali pamoja) tuliuchuma kabla ya wiki ya nne kwisha. Matembele hayakuniomba chochote. Bamia ilipata wadudu mafuta chini ya majani. Nilitwanga majani ya mwarobaini, nikaloweka usiku mzima, nikachuja, nikaongeza sabuni kidogo na kunyunyiza jioni, maana jua linaua nguvu ya dawa hii. Baada ya mara tatu walipungua mpaka wakaisha.

Kosa la kipindi hiki ni la fyekeo. Nilisafiri wiki tatu, nikarudi nikakuta majani marefu, nikayafyeka mpaka chini siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni vijiti vya manjano, na vilikaa hivyo karibu mwezi mzima. Jani ndilo linalolisha mzizi. Ukiondoa yote mmea unaishi kwa akiba. Sasa siondoi zaidi ya theluthi moja kwa mkato, hata kama inabidi kurudi baada ya siku 5. Ukoka nauacha sentimita 4 hivi, na mabaki ya kufyeka nayapeleka kwenye matuta kuwa matandazo.

Oktoba na Novemba

Septemba utandu mweupe ulianza kurudi, kidogo, kando ya njia ya geti. Nilijua la kufanya: maji mengi, mara mbili kwa wiki, na kidole chini. Safari hii hakuna kipande kilichokufa. Ncha chache zimeungua, basi.

Kwa hiyo vuli nimeielekeza chini ya mwembe. Ukoka haupendi kivuli, nilishaujaribu pale ukarefuka, ukapauka, ukafa. Nimechukua yale majani mapana ambayo wauza miche wanayaita pemba, yenye kuvumilia kivuli. Nimeyapanda kwa vishungi, nafasi ya sentimita 30, nikikwepa mizizi ya mwembe, na hayo nitayaacha yafike sentimita 7 au 8 kabla ya kuyagusa. Majani ya mwembe yanayodondoka nayafagia kila siku mbili. Yakilala juu yanaziba mwanga mdogo uliopo.

Nimeweka pia kopo la maziwa, lenye kuta zilizonyooka, katikati ya uwanja. Baada ya mvua naingiza rula ndani. Leo asubuhi limesoma milimita 31, zaidi ya ndoo 70 kwenye kile kipande cha mbele, na bila chumvi. Mpira nimeuviringisha na kuutundika.

Nilipokuwa natoka chini ya mwembe niliona machipukizi matatu membamba, yamesimama wima katikati ya pemba. Nikazungusha shina moja kwenye vidole. Kona tatu. Kesho alfajiri, kabla udongo haujakauka, naingia na kisu.