Ng'ombe ni ng'ombe tu

Jumatano usiku nilikuwa nakaanga dagaa, Doto yuko mezani na daftari lake la Kiingereza. Mwalimu kataka maneno kumi mafupi yanayoishia na x, na maana zake kwa Kiswahili. Kulwa yuko kwenye katuni, kama mnavyomjua.

Tulianza vizuri. Six, sita. Mix, changanya. Fix, tengeneza. Wax, nta. Fox, mbweha. Box nikasema sanduku, akaniambia kila mtu anasema boksi, nikamwachia. Tax nikasema kodi, akauliza, "Ile ya baba mwenye nyumba?" Serikali na mwenye nyumba tumewapa neno moja, na mimi ninayewalipa wote wawili sioni kosa. Nikataja axe, shoka, akanikatalia: inaishia na e. (Wamarekani wengine huiandika bila e, lakini mwalimu wake si Mmarekani.) Pox ni ndui, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1980 kwamba umetokomezwa duniani, na ningeweza kuishia hapo, ila fax ndiyo iliyotuchelewesha. Jaribu kumweleza mtoto wa miaka tisa kwamba zamani karatasi ilikuwa inapigiwa simu.

Likabaki moja.

"Mama, ox?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe si ni cow?"

"Andika tu, Doto. Ng'ombe ni ng'ombe tu."

Akaandika. Ijumaa daftari likarudi na kosa moja, limetiwa alama nyekundu, ambayo nayo ni x. Pembeni mwalimu kaandika: fahali. Doto hakunicheka wala hakununa. Alisema tu, "Si nilikuuliza, mama," akaenda kuvua soksi.

Wiki hii ofisini wamepunguza watu wanne nikabaki, na wifi amejifungua salama kule Mwanza, wa kiume. Lakini ninachoosha nacho vyombo, ninachopanda nacho daladala, ni hicho: ng'ombe ni ng'ombe tu. Mimi! Mtu mwingine angelisema ningemwelewa. Mimi nimekulia Shinyanga, nimetembea mbele ya plau nikiwa na miaka kama ya Doto, kamba mkononi, naongoza Meja na Posta, baba nyuma kashika mikono ya plau ananifokea ninyooshe mstari. Meja kulia, Posta kushoto, siku zote. Ukiwabadilisha hawaendi. Tukimaliza shamba letu, baba alikuwa anawalimia watu kwa malipo ya ekari, na ile hela ndiyo ilikuwa ada. Halafu leo naulizwa na mwanangu Meja na Posta walikuwa nini, najibu kama mtu aliyezaliwa kwenye foleni ya mwendokasi.

Neno lenyewe lilinijia Jumamosi, gari limesimama Mwenge. Maksai! Nikalitamka kwa sauti. Konda akaniuliza, "Wapi hapo, dada?"

Na lilivyonijia, aibu ikageuka kitu kingine. Maana mwalimu naye kakosea! Fahali ni dume kamili, hajaguswa. Maksai ni dume lililohasiwa, ndiyo maana linapoa na kukubali nira. Kwa Kiingereza yule wa kwanza ni bull. Na hata kama mwalimu hana kamusi, methali si anayo? Mafahali wawili hawakai zizi moja. Meja na Posta walikaa zizi moja na nira moja miaka tisa, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa nani anywe kwanza. Nilicheka peke yangu mpaka kituo cha kushuka.

Jumapili nikampigia baba.

"Shikamoo baba. Ox kwa Kiswahili ni nini?"

"Marahaba. Mwanangu, umesoma mpaka chuo kikuu, Kiingereza unaniuliza mimi?"

"Ni maksai, baba?"

"Sasa kama unajua unauliza nini?"

Akaongea nusu saa. Nilisahau kwamba Posta alikuwa anafika mwisho wa shamba anageuka mwenyewe kabla ya kuambiwa. Nilisahau Meja alivyokuwa anaogopa miavuli. "Meja ndiye kidato cha tano chako," baba akasema, kama anavyokutajia bei ya pumba, akaendelea na habari za mvua. Mimi nilikuwa sijui. Nilidhani alikufa.

Doto akaninyang'anya simu. "Babu, kuhasiwa ni nini?"

Kimya kidogo. "Muulize mama yako."

Shuleni siendi. Mwalimu ana watoto wengi na Kiingereza chake kwa ujumla ni kizuri. Ila Doto kachukua penseli, chini ya lile fahali jekundu kaandika maksai kwa herufi ndogo, na mbele yake wingi wake, oxen, akaniuliza kwa nini isiwe oxes. Nikamwambia ni kama children, Kiingereza cha zamani kilichosahauliwa kufutwa. Safari hii aliniamini.

Nimekaa kuandika haya wamelala wote, ndiyo nikajiuliza. Kulwa na Doto wako darasa moja, mwalimu mmoja, wanakaa madawati yanayofuatana. Kazi ya Doto ya Jumatano nimeiona. Ya Kulwa iko wapi? Nimetoka sasa hivi kupekua begi lake. Kuna rula, kuna nusu ya andazi. Daftari la Kiingereza halimo.