Kamba ya fundi na masale ya Meku

Picha ndizo zilizoniponza. Fundi mmoja alinionyesha kwenye simu yake bustani moja baada ya nyingine, ukoka umelala kama zulia, njia za mawe, maua yamepangwa kwa rangi. Mimi nimesimama kwenye majani yaliyonifika magotini, nikajiona nimeshapona. Baadaye sana rafiki yangu wa Arusha, anayezunguka na watalii, alizitazama zile picha fundi alizonitumia WhatsApp akaangua kicheko. Mbili kati yake zilikuwa za lodge anayolaza wageni wake kila wiki.

Ilikuwa Novemba 2016. Mama alikuwa Dar es Salaam kwa kaka tangu Aprili, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na nyumba yetu ya Rau, hapa Moshi, ilikaa imefungwa miezi saba. Akatangaza kwamba Krismasi anaila kwake. Kwa Mchagga hilo halina mjadala. Kazi ya kuiandaa nyumba nikatupiwa mimi, kitinda mimba, kwa kuwa nilikuwa na siku tano za likizo zilizobaki na sina mtoto wa kusingizia.

Anayeijua Moshi anajua kutafuta fundi mwezi huo ni shughuli. Kila aliyeko Dar, Mwanza na ng'ambo anataka afike Desemba akute geti limepakwa rangi na njia imemwagwa kokoto. Fundi mzuri anakuwa na kazi tatu kwa siku, na mbaya naye anapata soko kwa sababu mzuri hapatikani.

Nyumba yenyewe haikuwa na ugonjwa mkubwa, ilikuwa na uzembe uliolimbikizana. Baba, enzi za uhai wake, alipanda mgrivea pembeni ya jiko. Mgrivea hauchoki kuangusha majani, na yakishaingia kwenye gata hayatoki yenyewe. Yalikuwa yameshindiliana humo mpaka yakawa udongo mweusi, na katikati yake umeota mpapai. Mpapai kabisa, una majani manne, unatikisika na upepo juu ya dirisha la jiko. Maji ya mvua, yakiwa hayana pa kupita, yalifurika yakashuka na ukuta. Rangi ilivimba kama malengelenge. Ukiibonyeza kwa kidole inachuruzika. Mabati matatu ya jiko yalishaliwa na kutu kwenye misumari, na mfuniko wa chemba ya choo ulipasuka. Nje ndiyo usiseme.

Nikaulizia watu watatu. Mmoja hakutokea mpaka leo.

Wa picha alikuja na Noah, shati limedariziwa jina la kampuni yake kifuani. Alizunguka nyumba mara moja, dakika ishirini hazikufika, akasema, "Dada, hii kazi ndogo. Milioni mbili na laki sita, kila kitu humo ndani. Wewe nenda kapumzike." Mabati geji 28, rangi, ukoka, uzio mpya wa maua. Alitaka asilimia 60 ya kuanzia.

Wa tatu alikuja na baiskeli, ngazi ameazima kwa jirani. Mtu wa makamo, mpole, na maswali yake yalinichosha. "Maji ya mvua hapa yanaelekea wapi?" Nikamjibu yanaelekea chini. Akacheka kidogo. Akapanda juu, akang'oa ule mpapai kwa uangalifu kama anaung'oa akaupande kwake, akaomba ndoo ya maji, akaimwaga kwenye gata huku ameinama anatazama. Akaimwaga tena upande wa pili. "Gata lenu limelala kinyume," akasema. "Hata likisafishwa, maji yatarudi huku huku jikoni." Kisha akashuka, akatembea mpaka mpakani na kuuliza, "Masale haya mnachangia na nani?"

Nikamwambia na mzee wa jirani, lakini mbona anauliza, si tunazungumzia gata? Akasema anauliza tu. Bei akasema ataileta baada ya siku mbili, aandike kitu kimoja kimoja.

Nikaona huyu hajui kazi. Fundi gani asiyejua bei yake? Kesho yake nilimtumia wa Noah shilingi 1,560,000 kwa simu kwa mafungu, tukasaini karatasi yenye mstari mmoja, "ukarabati wa nyumba na bustani", nikapanda basi la alfajiri kurudi Dodoma kazini.

Kaka aliposikia aliniuliza mambo ambayo yalitakiwa kuulizwa kabla. Ana TIN, namba ya mlipakodi? Ametoa risiti ya EFD? (Mashine hizo zimekuwepo tangu 2010, na mimi bado nilipokea kikaratasi cha mkono chenye muhuri uliofifia.) Amesajiliwa na Bodi ya Makandarasi, au kampuni ni shati? Kaka ni mtu wa miradi, kila kitu kwake lazima kiwe na namba ya usajili. Nilimwona ananikera. Zaidi ya wiki mbili nilikuwa natumiwa picha: ukoka wa kijani, ukuta mweupe. Nikamrushia kaka hizo picha na kidole gumba juu.

Kisha akapiga shangazi. Hakusalimia.

"Umemkosea nini Meku?"

Sikuelewa. Akaeleza kwamba Meku, yule mzee wa jirani, alikuwa amekaa kwenye kigoda mpakani tangu asubuhi, hasemi na mtu, na mbele yake hakuna masale. Yamefyekwa yote. Vijana wamevuta kamba kutoka nguzo ya geti mpaka nyuma ya banda, wakapanda miche ya bogonvilia kufuata kamba.

Hapa inabidi nimweleze asiyetoka kwetu. Isale, mmea huo wa mpakani, ndilo lililokuwa jiwe la mpaka kwa Wachagga kabla ya mpima ardhi kuja na beakoni. Na mstari wa masale haunyooki. Unapinda walipokubaliana wazee upinde, pengine kwa sababu ya mfongo, mfereji wa maji ya mashambani, uliopita hapo, pengine kwa sababu ya shina la mgomba ambalo halipo tena. Ile kamba ya fundi ilinyooka vizuri sana, na kwa kunyooka kwake iliingia hatua mbili ndani ya kihamba cha Meku, yaani shamba lake la nyumbani.

Nikaomba ruhusa kazini, nikasafiri usiku. Shangazi alinipokea kwa masharti: niende asubuhi na mapema, nisiende mikono mitupu, na nishike isale. Jani hilo hilo la mpakani ndilo analoshika mtu anayeomba msamaha kwetu, na ukipelekewa, kukataa ni jambo zito. Nikamuuliza, isale nalitoa wapi, shangazi, si yamekwisha? Akaninyooshea kidole nyuma ya banda. Yalikuwa yametupwa huko, rundo limefika kiunoni, wiki ya pili sasa. Nilidhani nitakuta yamekauka. Mashina yalikuwa mabichi, na mengine kwenye vifundo yalishaanza kuchomoza vinundu vya kijani, humo humo jalalani. Nikachomoa moja lenye majani, shangazi akalifunga fundo.

"Shikamoo Meku."

"Marahaba." Akanyamaza. "Wewe ndiye mdogo wao?"

"Ndiye mimi, Meku."

"Yale tuliyapanda mimi na baba yako. Yeye anachimba, mimi nashindilia. Mama yako akatuletea mbege, tukanywea pale pale." Akatazama ile miche ya bogonvilia, kila mmoja na mfuko wake wa nailoni mweusi umetupwa kando. "Haya ni nini?"

"Maua, Meku."

"Maua yanajua nini?"

Sikuwa na jibu. Nikapiga goti, nikampa isale kwa mikono miwili, na ile sukari na kipande cha kitambaa alichonifungia shangazi. Alilishika muda mrefu akiligeuza geuza, kama anayekagua kama ni la kwao au la kwetu. Kisha akalichomeka kwenye paa la kibaraza chake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chai umekunywa?"

Wa Noah alisema atarudi kurekebisha nikimmalizia hela yake. Nilipokataa, simu yake ikawa haipatikani. Sikumfuatilia zaidi ya kumtaja kwa mwenyekiti wa mtaa. Desemba ilikuwa imeshaingia.

Nikampigia wa baiskeli. Aibu niliyoipata kupiga ile simu naikumbuka mpaka leo, ila yeye hakuipa nafasi. Alikuja, na kabla ya kuingia kwetu akaenda kumwamkia Meku. Wakatembea wawili mpakani, mzee akionyesha kwa fimbo: hapa, hapa, hapa linapinda, hapa rudi nyuma kidogo. Vipande vya rundo la jalalani vikachimbiwa kimoja kimoja pale fimbo ilipogusa. Hakuvuta kamba. Bogonvilia aliihamishia mbele, kwenye geti.

Halafu ndipo akapanda jikoni. Akalibonyeza bati jipya kwa dole gumba, likabonyea. "Hii geji 30," akasema. "Uliambiwa ngapi?" Gata jipya nalo lilikuwa limefungwa pale pale lilipokuwa la zamani, kwa mlalo ule ule wa kinyume.

Bei yake ilikuwa kwenye karatasi ya daftari ya mirabaraba, kila kitu na mstari wake, mpaka misumari. Vifaa alitaka twende wote kununua Mbuyuni, hela nitoe mimi na risiti nibaki nazo mimi. Ufundi laki nne na ishirini, kwa mafungu, na elfu arobaini na mbili za mwisho akasema nisimpe kwanza. "Zikae mpaka inyeshe."

Ilinyesha usiku wa tarehe 18, mvua ya vuli iliyochelewa, nzito. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa na koti la plastiki, matope mpaka magotini. Hakuulizia pesa. Alipita moja kwa moja nyuma ya jiko, akaweka kiganja ukutani, akakisogeza taratibu kutoka dirishani mpaka chini, akakitazama. Kikavu. Akaenda kuliangalia shimo la mawe alilolichimbia maji ya gata, akalisikiliza likinywa. Ndipo akaniambia, "Sasa naweza kunywa chai."

Mama alifika tarehe 22 na mkongojo. Kila mtu alimsubiri asifie ukuta. Yeye alipita ukuta, akapita geti na maua yake, akaenda mpakani, akaanza kutembea kando ya vile vijiti vyenye chipukizi tatu nne. Akasimama kwenye kile cha kona.

"Nani kawaonyesha hapa?"

"Meku."

Akaguna, akakisukuma kwa ncha ya mkongojo kama sentimita tano kuelekea kwetu. Toka upande wa pili tukasikia mzee anacheka.

Ukoka wa paspalamu, uliobaki mzuri kuliko vyote alivyofanya yule wa Noah, Mama aliutazama mara moja akauliza unaliwa na nani. Kesho yake asubuhi nilimkuta kijana wa kazi ameinama na mundu, anaufyeka. Mbuzi wa Krismasi alikuwa ameshaletwa na hakukuwa na majani bandani.