Spitfire ikishagusa ardhi, kazi bado haijaisha

Watu wakiona Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, imelala kifudifudi uwanjani, wengi hudhani injini ilizima. Mara nyingi injini haina kosa. Tatizo ni miguu. Magurudumu yake mawili makuu yameachana kwa takriban mita 1.7 tu, na kitovu cha uzito kiko nyuma yake. Mkia ukianza kuchepuka, uzito huo huusukuma uzidi kuchepuka. Rubani akichelewa kukanyaga pedali ya usukani wa mkia, ndege huzunguka ghafla, bawa la nje hukwaruza ardhi, na mguu uliobeba mzigo wa ubavuni hukunjika.

P-51, ndege ya kivita ya Marekani ya enzi hiyo hiyo, ina nafuu: magurudumu yameachana karibu mita 3.6, na fimbo ya kuongozea ndege ikivutwa nyuma, gurudumu la mkia hufungwa lisigeuke zaidi ya nyuzi 6 kila upande.

Upepo wa ubavuni ni hatari zaidi kwenye lami. Nyasi husamehe, kwa sababu tairi huteleza kidogo badala ya kung'ang'ania. Tena mwendo ukipungua, usukani wa mkia hukosa nguvu, zikabaki breki. Za Spitfire hutumia hewa iliyoshindiliwa: vidole hubana wenzo kwenye mshikio wa fimbo, na pedali hugawa nguvu kushoto na kulia. Ukibana kwa pupa, mkia hunyanyuka na propela huchota ardhi.

Hapo ndipo bili inapopanda. Mapanga ya propela yakiwa ya mbao huvunjika vipande, jambo linaloipunguzia injini mshtuko. Ya chuma hujipinda. Vyovyote iwavyo, injini ifunguliwe, gia na kranki (mhimili mkuu wa injini) zikaguliwe, hata kama inawaka vizuri.