Nilivyochagua maduka ya kununulia vipuri vya kompyuta yangu

Nilipoamua kuunda kompyuta yangu mwenyewe kwa ajili ya kuhariri video, kuchagua vipuri hakukunisumbua sana. Prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ipi, madabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri) ipi, RAM (kumbukumbu ya muda) kiasi gani: maswali hayo yana majibu, na wapo watu wengi waliokwisha kuvipima vifaa hivyo wakaeleza walichokiona. Kilichonichukua muda ni kujua nani aniuzie. Kipuri chenye jina lilelile kinaweza kuwa kipya kabisa kwa muuzaji mmoja, na kwa mwingine kikawa kimeshatumika kikafungwa upya, au kikawa ni kitu kingine kilichobandikwa jina hilo.

Kwa hiyo nilijiwekea swali moja la kutangulia bei: kifaa kikinifikia kibovu, nani atakipokea, na atanirudishia nini? Kila duka nililolifikiria nilianza kwa kusoma masharti yake ya kurudisha bidhaa. Nilitaka kujua nina muda gani wa kurudisha, nani analipia usafiri, na kama wanakata sehemu ya fedha kwa sababu tu boksi limefunguliwa. Halafu nilisoma hadi mwisho kabisa, kwa sababu huko ndiko hukaa sharti zito. Duka linaweza kutangaza kwa herufi kubwa kwamba linapokea kila kitu, kisha mstari mmoja wa chini ukasema prosesa na madabodi zikishafunguliwa hazirudishiwi fedha, zinabadilishwa tu. Sharti la namna hiyo naweza kuishi nalo mradi nilijue kabla ya kulipa. Nisichokikubali ni masharti yaliyoandikwa kwa maneno ya kuteleza, kama vile "kwa uamuzi wa uongozi". Maduka ya aina hiyo niliyaacha hata yalipokuwa na bei nzuri kuliko wengine.

Hatua iliyofuata niliifanya kinyumenyume, na naipendekeza kwa yeyote. Badala ya kulipata duka kwanza kisha nilichunguze, nilianzia kwa watengenezaji. Karibu kila mtengenezaji mkubwa wa vipuri ana ukurasa unaotaja wasambazaji na maduka anayoyatambua. Nilipitia kurasa hizo za kampuni zote ambazo vifaa vyao vilikuwa kwenye orodha yangu, nikaandika majina ya maduka. Duka lililotajwa na kampuni moja nililiwekea alama. Lililotajwa na kadhaa lilipanda juu. Duka lililodai kuwa "wakala rasmi" lakini halimo kwenye ukurasa wa mtengenezaji niliwaandikia watengenezaji wenyewe kuuliza. Wanajibu.

Kwenye masoko makubwa ya mtandaoni kuna jambo linalowapita wengi. Amazon na Newegg huuza bidhaa zao wenyewe, lakini pia huruhusu wauzaji wengine wauze humo humo. Jina kubwa liko juu ya ukurasa, ila anayekuuzia anaweza kuwa mtu mwingine kabisa mwenye masharti yake. Pia anayeuza na anayesafirisha si lazima wawe mmoja. Kifaa kinaweza kutoka ghala la soko lenyewe huku mwenye mali akiwa mwingine. Mimi nilikuwa nasoma yote mawili kila mara, hata kwa bidhaa niliyokwisha kuiona jana, kwa sababu muuzaji anayeonyeshwa kwanza hubadilika kulingana na akiba na bei.

Nyota sikuzitegemea sana. Maoni yanayosema "imefika mapema, iko poa" yameandikwa siku kifaa kilipofika, na hayaniambii lolote kuhusu uaminifu wa muuzaji. Nilitafuta ya watu waliopata matatizo, nikasoma jinsi duka lilivyowajibu. Duka lenye malalamiko yaliyojibiwa kwa utaratibu na kumalizwa nililiamini kuliko lisilo na lalamiko hata moja. Nilichunguza pia kama maoni yanahusu kifaa chenyewe, maana kuna wauzaji wanaotumia tena ukurasa wa bidhaa ya zamani, ukajikuta unasoma sifa za kebo chini ya picha ya SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka.

Kisha niliwaandikia maduka yaliyobaki, na hapa ndipo mchujo ulipofanyika kweli. Niliuliza kuhusu prosesa: ni ya boksi au ya trei? Ikiharibika mwaka wa pili, naileta kwenu au naipeleka kwa mtengenezaji? Tofauti hiyo ni kubwa. Prosesa za Intel za boksi kwa kawaida huja na waranti ya miaka 3 inayotolewa na Intel yenyewe. Za trei, ambazo huuzwa bila boksi kwa wanaounda kompyuta kwa wingi, humrudisha mnunuzi kwa aliyemuuzia. Mwaka 2024, prosesa za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilipopata tatizo la kuyumba, yaani kompyuta kukwama ovyo, Intel iliongeza waranti ya zile za boksi kwa miaka 2. Wenye za trei walielekezwa kwa wauzaji wao. Hapo ndipo inapojulikana kama muuzaji yupo au hayupo.

Duka moja lilinijibu kwa aya mbili zilizoeleza kila hatua, hadi aina ya picha ninazopaswa kutuma. Jingine lilijibu "ni orijino, usijali". Jingine lilikaa kimya. Ninashukuru wote watatu, kwa kuwa wote walinijibu kwa namna yao.

Duka hilo la kwanza pia sikulikimbilia na oda nzima. Nilianza na vitu vidogo, kebo na dawa ya kupaka juu ya prosesa ili ipoe, nione wanavyofungasha na risiti yao ina nini. Risiti ilikuja na jina la duka, anwani, tarehe na jina kamili la kila bidhaa. Nilipotulia na hilo, ndipo nikaagiza vya maana, na nikalipa kwa kadi ya benki, kwa sababu benki ina njia ya kupinga malipo kama bidhaa haikufika au si uliyoagiza. Muuzaji anayesisitiza utume fedha moja kwa moja kwenye akaunti binafsi, tena kwa haraka, mimi simtumii.

Bei nazo zina habari zake. Tovuti kama PCPartPicker na Geizhals zinaonyesha maduka mengi pamoja, na historia ya bei ya kifaa kwa miezi iliyopita. Nilizitumia kujua kiwango cha kawaida. Anayepungua kidogo nilimfikiria. Aliyeshuka mbali na wenzake wote nilitaka anieleze kwa nini. Rahisi ghali, na kwenye vipuri msemo huu una ushahidi. SSD na kadi za kumbukumbu feki huandikwa ndani yake ukubwa zisizo nao: kompyuta inaona nafasi kubwa, lakini ukijaza, data za mwanzo zinafutika. Programu za H2testw na F3 huandika kifaa chote na kukisoma tena, na udanganyifu unajulikana. Kadi za grafiki nazo ziliwahi kuwekewa programu ya ndani ya uongo ili ya zamani ijitambulishe kama mpya; tangu 2018, programu ya GPU-Z huweza kuitambua kadi ya NVIDIA ya namna hiyo na kuiandika wazi kuwa ni feki.

Vifaa vilipofika nilirekodi video nikifungua kila boksi, namba ya kifaa ikionekana. Sababu yangu ni kisa kilichojulikana sana mwaka 2022. Steve Burke wa Gamers Nexus, chaneli ya YouTube inayopima vipuri, alinunua kwa Newegg madabodi iliyokwisha kufunguliwa, akairudisha bila kuitumia, akanyimwa fedha kwa madai kwamba pini za soketi, pale inapokaa prosesa, zimepinda. Baadaye ilibainika kwamba madabodi hiyo ilikuwa imeshapelekwa kwa mtengenezaji kwa ajili ya matengenezo kabla yeye hajainunua. Newegg ilimrudishia fedha na kubadili masharti yake, lakini yeye ana hadhira kubwa na mimi sina. Soketi za Intel za kompyuta za mezani zina pini upande wa madabodi tangu soketi ya LGA 775 ya mwaka 2004, na mshindani wake AMD ikafuata kwa soketi ya AM5 mwaka 2022. Pini moja iliyopinda inatosha kuzua ubishi, kwa hiyo soketi niliipiga picha za karibu kabla ya kuigusa.

Diski kuu niliichunguza kwa saa ilizofanya kazi. Mwanzoni mwa 2025 iliripotiwa, kwanza Ujerumani, kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa na baadhi ya maduka kama mpya, rekodi yao ya kawaida ya afya na saa za kazi, iitwayo SMART, ikiwa imefutwa. Kilichowaumbua wauzaji ni rekodi ya pili iliyomo kwenye diski hizo, iitwayo FARM, ambayo programu ya smartmontools toleo la 7.4 na yanayofuata huweza kuisoma. Yangu nilisoma zote mbili na zikakubaliana: diski ilikuwa mpya.

Tatizo lilikuja kwenye RAM. MemTest86, programu ya kupima RAM, ilionyesha makosa kabla hata sijaweka mfumo wa uendeshaji. Niliwaandikia duka, wakaniomba nipime kila kijiti cha RAM peke yake na kwenye nafasi tofauti, ili ijulikane kama kosa ni la RAM au la madabodi. Kosa lilihama pamoja na kijiti kimoja. Walitaka nirudishe vyote viwili, na nilielewa sababu, kwa kuwa huuzwa vikiwa vimepimwa pamoja. Usafiri walilipa wao, jozi mpya ikaja, ikapita kipimo bila kosa. Yote waliyofanya yalikuwa yameandikwa katika majibu waliyonipa nilipowauliza kuhusu waranti, kabla sijanunua chochote.

Baada ya hapo niliandikisha vifaa kwa watengenezaji wanaotaka hivyo, nikapiga picha risiti zote na namba za vifaa, nikazihifadhi sehemu mbili. Pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) nzuri huweza kuwa na waranti ya miaka 10, na risiti iliyochapwa kwa joto, bila wino, hufifia mapema kuliko hapo.